Kujenga kwenye vilima na mawe ya Mwanza bila kuviharibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Viwanja vya tambarare Mwanza vimebaki vichache, kwa hiyo watu wanapanda: Isamilo, Nyegezi, Luchelele, Kiseke na vilima vya nyuma yake. Mimi ni msanifu majengo, na maswali ya wenye viwanja hivyo yanafanana sana. Kinachonisikitisha ni kwamba mengi huulizwa katapila likishaondoka. Nimeyakusanya hapa na majibu ambayo ningependa kila mtu ayapate kabla hajamlipa mwenye mashine. Mifano mingi ni ya Mwanza kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi, lakini aliyeko Lushoto, Dodoma au Kisii ataona kwamba mengi yanamhusu.

Nyumba inayoendana na mandhari ikoje? Ni kupaka rangi ya udongo?

Rangi ni jambo la mwisho. Nyumba yaweza kupakwa rangi ya udongo na bado ikaonekana kama kidonda mlimani, kwa sababu imekalishwa juu ya jukwaa lililochongwa, nyuma yake kuna ukuta wa mita tatu wa kuzuia udongo, na hakuna hata mti mmoja uliosalia.

Mimi naangalia mambo manne. Nyumba imeushikaje mteremko? Maji ya mvua yanapita wapi? Jua na upepo vinaingiaje? Na vilivyokuwepo kabla yako, yaani mawe, miti na njia ambazo watu walikuwa wanapita, vimebaki kiasi gani? Nyumba ikijibu vizuri maswali hayo, huwa inapendeza hata kabla haijapigwa rangi.

Nimeshanunua kiwanja. Fundi anasema tusawazishe kwanza ndipo tuchore. Nikubali?

Usikubali. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalofanyika zaidi. Ukishasawazisha, umefuta taarifa zote ambazo mchoro wako ulipaswa kuzitumia.

Anza kwa kumwita mpimaji akutolee ramani ya miinuko yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kila mstari ukipishana na mwingine kwa nusu mita au pungufu. Ramani hiyo ioneshe kila jiwe kubwa, kila mti wenye shina nene kuliko paja la mtu, mikondo ya maji, nguzo za umeme na nyumba za majirani. Watu wengi wana ramani ya mipaka tu, yenye bikoni nne na ukubwa wa eneo. Hiyo inatosha kwa hati, lakini haimwambii mchoraji kwamba kona ya kaskazini iko mita nne chini ya kona ya kusini.

Kisha nenda kiwanjani mvua ikinyesha. Sisemi baada ya mvua; nenda inaponyesha, umevaa buti na umebeba vigingi. Kila mahali unapoona maji yanakusanyika au yanatoka chini ya jiwe, chomeka kigingi. Mvua ikikatika, fuata vigingi vyako kwa macho: utaona mstari ambao usingeuona kabisa wakati wa kiangazi, na mara nyingi mstari huo unapita katikati ya mahali ulipopanga kuweka sebule. Nenda tena saa tisa alasiri siku ya jua kali uone upande gani unaungua, na jioni uone upepo wa ziwa unaingilia wapi. Hapo ndipo umpe mchoraji kazi.

Lakini kusawazisha si kunarahisisha ujenzi na kupunguza gharama?

Tupige hesabu. Chukua kiwanja kinachoshuka mita 1 kwa kila mita 5, jambo la kawaida kabisa kwenye vilima vyetu. Nyumba yako ina mita 10 kufuata mteremko na mita 15 kukatisha mteremko. Kutoka ukuta wa juu hadi wa chini kuna tofauti ya mita 2.

Ukikata udongo wote ili upate uwanja mmoja ulio sawa, unaondoa mita za ujazo 150. Udongo ukichimbwa huvimba, kwa hiyo hiyo ni zaidi ya safari 20 za tipa la mita 7 za ujazo, na nyuma ya nyumba unabaki na ukuta wa udongo wa mita 2 unaohitaji kuzuiwa kwa zege au mawe. Ukikata nusu na kujaza nusu, unachimba kama mita za ujazo 38, lakini nusu ya nyumba yako sasa imekaa juu ya kifusi.

Sasa igawe nyumba katika sakafu mbili zinazopishana mita 1: vyumba vya kulala juu, sebule na jiko chini, katikati ngazi sita. Unachimba takribani mita za ujazo 19 tu. Ukuta wowote wa kuzuia udongo unabaki mfupi, na mkubwa wenye nguvu ni ule wa katikati, ambao ungeujenga hata hivyo kwa sababu ni ukuta wa nyumba. Sebule nayo inapata dari ndefu bila kuinua paa.

Ngazi sita hizo ndizo zinazowatia watu wasiwasi, hasa wenye wazazi wazee. Ni hoja ya kweli. Suluhisho ni kuweka chumba kimoja cha kulala chenye choo kwenye sakafu ya mlangoni. Nyumba nzima haihitaji kuwa tambarare kwa ajili ya chumba kimoja.

Kiwanja changu kimejaa mawe makubwa. Niyapasue au niyaache?

Yaache mengi uwezavyo, na uanze mchoro wako kutoka kwenye hayo. Mawe haya ya graniti yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni miongoni mwa miamba ya kale sana duniani, na ndiyo iliyoipa Mwanza sura yake, kuanzia Jiwe la Bismarck pale ziwani hadi vilele vya Bugando. Ukishalipasua jiwe la ukubwa wa basi ili kupata nafasi ya kuegesha magari mawili, huwezi kulirudisha.

Kuna sababu za kawaida pia. Kupasua graniti ni kazi ya gharama. Njia ya kienyeji ya kuwasha moto juu ya jiwe na kuligonga kwa nyundo likishapata joto ni nafuu kweli, lakini joto halichagui: linaweza kuacha nyufa kwenye jiwe la jirani ulilotaka libaki, na ukichoma matairi, moshi wake ni sumu kwa mtaa mzima.

Namna nzuri ya kuishi na jiwe ni kulipatia kazi ya kufanya. Laweza kuwa mgongo wa ukuta wa baraza, kituo cha ngazi, kivuli cha bustani upande wa magharibi, au mahali pa kukalia jioni. Ila tahadhari mbili. Jiwe hubeba joto la mchana na kulitoa usiku, kwa hiyo usilifanye ukuta wa chumba cha kulala kama linapigwa na jua la alasiri. Na jiwe likipita ukutani kuingia ndani, maji yatalifuata. Maji hutambaa juu ya uso wa graniti kama utando mwembamba, hupenya pale zege lilipogusa jiwe, na baada ya miezi michache rangi ya ndani inaanza kubanduka mstari ule ule wa jiwe. Fundi achonge mfereji mdogo juu ya jiwe, nje ya ukuta, upana wa vidole viwili na wenye mwelekeo wa kushuka pembeni, ili maji yakatwe kabla hayajafika kwenye kiungo. Kazi hiyo ni ya patasi na uvumilivu, na haina mbadala mzuri. Silikoni peke yake hupasuka kwa jua.

Nitajuaje kama jiwe liko imara au litabingirika?

Swali hili si la kubahatisha. Angalia kwanza kama jiwe ni sehemu ya mwamba wenyewe au limekaa juu yake. Mengi ya mawe yetu yalibaki baada ya udongo uliokuwa unayazunguka kuchukuliwa na maji kwa muda mrefu, na mengine yameshikwa na vijiwe vidogo tu vilivyobanwa chini yake. Vijiwe hivyo usiviguse. Usichimbe mchanga chini ya jiwe, usipitishe bomba la maji taka hapo, na usielekeze maji ya paa huko.

Ukiona udongo mpya uliomomonyoka chini ya jiwe, ufa ulio wazi wenye mizizi ndani yake, au jiwe lililoegemea upande wa nyumba, mwite mhandisi wa udongo na miamba kabla ya kitu kingine chochote. Na tafadhali angalia pia mawe yaliyo juu ya kiwanja chako, hata kama si yako. Jiwe halijui bikoni.

Nyumba ya jirani ina nyufa ingawa imejengwa juu ya mwamba. Kwa nini?

Kwa sababu pengine haijajengwa yote juu ya mwamba. Nusu ya msingi iko kwenye graniti, ambayo haishuki hata kidogo, na nusu iko kwenye udongo au kifusi, ambacho kitashuka. Ufa hutokea pale viwili hivyo vinapokutana. Huanza kwenye kona ya dirisha na kupanda kwa mshazari ukifuata viungo vya tofali. Mwanzoni ukucha hauingii. Ikipita misimu kadhaa ya mvua kidole kinaingia, na mlango wa chumba kile unaanza kukwama.

Dawa yake ni ya mwanzoni. Ama uchimbe mpaka msingi wote ufike kwenye mwamba, kwa nguzo pale ambapo mwamba uko mbali, ama uigawe nyumba kwa kiungo cha kutenganisha ili kila sehemu ishuke kivyake. Pale msingi unapokaa kwenye mwamba wenye mteremko, uso wa mwamba uchongwe vituo kama ngazi, utobolewe, na vipande vya nondo vipandwe humo kwa uji mzito wa saruji ili zege lisiteleze. Michoro ya hayo ifanywe na mhandisi. Fundi mzuri atakwambia hivyo hivyo.

Maji ya mvua nifanye nayo nini?

Mwanza hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na mara nyingi zinashuka kwa fujo. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 linakupa lita 6,000 katika muda mfupi. Kabla hujajenga, maji hayo yalinyonywa na nyasi na nyufa za udongo. Sasa yote yanatoka kwenye mabomba mawili na kumwagika kwa jirani wa chini.

Weka gata, weka tanki, na tanki likijaa maji ya ziada yaende kwenye shimo lenye kokoto au kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe, wenye vituo vya kuvunja kasi. Juu ya nyumba chimba makingamaji kufuata kontua, kama yale ya mashambani, ili maji ya mlimani yaizunguke nyumba badala ya kuisukuma mgongoni. Kila ukuta wa kuzuia udongo uwe na kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji. Kuta hizi huanguka zaidi kwa sababu ya maji yaliyonaswa nyuma kuliko uzito wa udongo wenyewe.

Uwanja usiuzibe wote kwa pevingi. Acha nyasi, acha changarawe, panda nyasi za vetiva kwenye kingo. Mizizi yake huenda chini wima na kushika udongo vizuri sana.

Na maji taka?

Hapa mwamba hauna huruma. Shimo la kunyonya halifanyi kazi kwenye graniti: maji hayana pa kwenda, yanatafuta ufa na kutokea kwenye kiwanja cha chini au kwenye chemchemi watu wanakochota. Uliza kwanza mamlaka ya maji kama bomba la maji taka limefika eneo lako. Mwanza kuna mabomba membamba yaliyopelekwa kwenye baadhi ya makazi ya milimani kwa sababu hiyo hasa. Kama halijafika, jenga tanki lililozibwa lisilovuja na upange njia ya gari la kunyonya, au fikiria choo cha mboji.

Ni lazima nijenge kwa mawe ili nyumba ifanane na mahali?

Hapana, lakini mawe yaliyotoka kwenye kiwanja chako ni mali. Yatumie kwenye msingi, kuta za kuzuia udongo, ngazi na mitaro. Sehemu ya chini ya nyumba ikiwa ya mawe ya pale pale, jicho halioni mahali mlima unapoishia na nyumba inapoanzia. Usinunue vigae vya kuiga mawe kubandika juu ya tofali wakati mawe yenyewe umelipa yakatupwe.

Kuta za juu ziwe nyepesi. Napenda tofali za kufungamana zinazoshindiliwa kwa mashine kutoka udongo na saruji kidogo. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, imezihimiza kwa miaka mingi. Hazichomwi, kwa hiyo hakuna kuni zinazokatwa kwa ajili yake, na rangi yake ni ya udongo uliotumika. Zikauke kivulini na zimwagiliwe ipasavyo, la sivyo zitamomonyoka. Tofali za kuchoma nazo ni nzuri kwa macho, ila uliza kuni zilitoka wapi.

Chochote utakachochagua, usiruke mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima usawa wa linta, yaani juu tu ya milango na madirisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, na nyumba nyingi za matope na za tofali zisizofungwa vizuri zilianguka. Nyumba ya udongo si dhaifu kwa kuwa ni ya udongo; huwa dhaifu isipofungwa.

Paa liwe la rangi gani? Na hili paa la kuficha linafaa?

Mlimani paa ndilo uso wa nyumba, kwa sababu majirani wa juu na watu wa mlima wa pili wanaliona kuliko ukuta. Kwa Mwanza nachagua kijivu cha kati kisichong'aa, karibu na rangi ya graniti yenyewe. Bati la kijani kibichi watu huliona la "kimazingira", lakini hakuna mti wenye kijani kile, na bluu iliyokoza huonekana kutoka Kirumba hadi Kamanga. Jua tu kwamba rangi iliyokoza hunyonya joto zaidi kuliko nyeupe. Hapo lazima ulipe fidia: dari nzuri, nafasi ya hewa kati ya dari na bati, na matundu ya kutolea joto pande zote mbili.

Umbo nalo lina uzito. Paa lenye mteremko mmoja au miwili, unaofuata mwelekeo wa kilima, hutulia. Nyumba za kona nyingi zenye vilele saba hushindana na mawe, na mawe yatashinda.

Paa la kuficha, yaani lile linalojificha nyuma ya ukuta ulioinuliwa, silipendekezi mlimani kwetu. Linaondoa upenu, na upenu ndio unaoilinda nyumba yetu dhidi ya jua na mvua. Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta: mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini, na nyakati zote mbili liko juu sana. Upenu wa sentimita 90 tu unatia kivuli karibu mita 1.8 za ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni, na zaidi ya mita 2 za ukuta wa kusini adhuhuri ya Desemba. Yaani dirisha zima. Ukiuondoa upenu, unanunua kiyoyozi. Na gata lililofichwa nyuma ya ukuta likiziba kwa majani, maji yanarudi ndani.

Nataka kioo kizima upande wa ziwa ili nione machweo. Kuna ubaya?

Machweo ni magharibi, na jua la saa kumi na moja huja chini, likipita chini ya upenu wowote. Kioo kizima hapo kitakupa picha nzuri kwa nusu saa na tanuri kwa saa tatu. Kitamulika pia mlima mzima, na ndege huona mti uliomo kwenye kioo wakadhani ni mti.

Jenga baraza pana upande huo, ukae nje utazame ziwa na upepo wake. Ndani, weka dirisha moja lililopangwa vizuri pale unapokaa kweli. Mtu aliyekaa kitini huona ziwa kupitia dirisha la mita moja na nusu kama kawaida. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Taa za nje ziwe hafifu na zitazame chini, kwa sababu taa kali zinazotazama ziwa huita wadudu wa ziwani kwa makundi, na asubuhi utawafagia kwa koleo.

Miti iliyopo inanizuia. Nikate nipande mingine baadaye?

Mti wa miaka 40 huwezi kuununua bustanini. Hamisha ukuta. Kwa kawaida mita mbili za kusogeza chumba zinatosha. Usichimbe wala kumwaga zege ndani ya eneo lililofunikwa na matawi, na usirundike kifusi shinani. Ukipanda mipya, epuka mikaratusi karibu na nyumba na vyanzo vya maji. Uzio wa minyaa au mkonge juu ya ukuta mfupi wa mawe unapendeza mlimani kuliko ukuta wa tofali wa mita mbili na nusu wenye vioo vya chupa, ingawa naelewa hofu ya wezi na simlaumu anayetaka kulala salama.

Kiwanja kiko ufukweni kabisa. Naweza kujenga karibu na maji?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye fukwe za bahari na maziwa, kingo za mito na mabwawa. Kuna watu wanaoiona sheria hii kama usumbufu. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, Ziwa Victoria lilipanda hadi viwango vya juu kabisa kuwahi kupimwa, na wengi waliojenga majini walihama na magodoro vichwani. Hata kama hati unayo, achia mita 60 hizo matete na ndege.

Ndugu yangu anajenga Tanga. Haya yanamhusu?

Msimamo ni ule ule, lakini mahali panadai mambo mengine. Pwani ina wajenzi wa karne nyingi, na ndugu yako hahitaji kwenda mbali kupata somo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na dari za boriti za mikoko; urefu wa boriti, karibu mita 2.5 hadi 3, ndio uliopanga upana wa vyumba. Baraza, vichochoro vyenye kivuli, ua wa katikati ulio wazi juu: vyote vilitengenezwa kwa ajili ya joto lenye unyevu na pepo za kaskazi na kusi.

Leo asikate mikoko, kwa kuwa ni hifadhi na ndiyo inayozuia bahari isiule ufuo, na asichimbe matumbawe hai. Achukue somo la hewa: vyumba vyembamba vyenye madirisha pande mbili. Mchanga wa baharini asiutumie kwenye zege lenye nondo, kwani chumvi hula chuma na zege hupasuka kutoka ndani. Makuti ni mazuri mno kwa joto. Yawe mbali na jiko, na ajue atayabadilisha kila baada ya miaka michache.

Wazee wetu walijengaje kabla ya katapila?

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa likawa karibu usawa wa ardhi upande wa juu. Adui aliyekuwa akipita hakuiona kwa urahisi. Wagogo walijenga tembe, fupi na zenye paa bapa la udongo, kwenye nchi kavu yenye upepo na miti michache mirefu. Kilwa, katika karne ya 14, Husuni Kubwa iliwekwa juu ya genge linalotazama bahari, nyua zake zikishuka kwa vituo, na ngazi ikiteremka hadi ufukweni. Wote hao walijenga kwa kufuata mahali palivyo.

Kwa wa Mwanza, nendeni Bujora, Kisesa, mkaone kanisa la duara lililofuata nyumba za Wasukuma katikati ya mawe.

Kuna mifano ya kisasa?

Unaonivutia zaidi uko jirani: chuo cha Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, Kenya, kilichobuniwa na msanifu majengo Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021. Majengo yanafuata mteremko kwa vituo, mapaa yake ni mabaraza ya kutazamia ziwa, kuta ni za mawe ya pale zilizopigwa lipu ya rangi ya udongo, na minara yake mirefu, iliyoigwa kutoka vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu huku hewa baridi ikiingia chini. Ni pazuri kwa macho, na vyumba vya kompyuta vinapoa. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, kuna nyumba 7 za wageni ambazo mapaa yake makubwa ndiyo chanzo cha maji, kwa kuwa kisiwa hakina maji baridi ya ardhini.

Wengi hunitajia Fallingwater, nyumba ya msanifu Frank Lloyd Wright huko Pennsylvania, Marekani, iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji kuanzia mwaka 1936. Mawe yalichimbwa pale pale, na mwamba wenyewe umejitokeza sakafuni mbele ya meko. Inastahili sifa. Lakini mabaraza yake ya zege yanayoning'inia yalishuka, mahali pengine karibu sentimita 18, mpaka yakakazwa upya kwa nyaya za chuma mwaka 2002. Ukitaka kuning'inia juu ya korongo, mhandisi wako awe mkali kuliko msanifu wako.

Gharama inaongezeka kiasi gani?

Michoro na upimaji vitagharimu zaidi, na msingi wa vituo unadai fundi makini. Utaokoa kwenye uchimbaji, tipa, kuta kubwa za kuzuia na umeme wa kupoza nyumba. Kwenye mteremko mkali akiba mara nyingi huzidi. Kwenye mteremko mdogo, tarajia kukaribiana. Hakikisha tu msanifu amesajiliwa na kibali cha ujenzi kimetoka kabla ya jembe la kwanza.

Kiwanja changu kilishasawazishwa na nyumba imeshasimama. Nimechelewa?

Kuna mengi ya kufanya. Anza na maji: gata, tanki, makingamaji upande wa juu, matundu kwenye ukuta wa kuzuia kama hayakuwekwa. Ukuta mrefu ulio wazi unaweza kutanguliwa na ukuta mfupi wa mawe mbele yake, katikati pakajazwa udongo na kupandwa vichaka. Urefu unaoonekana unapungua nusu. Mhandisi aukague kwanza, maana udongo wa ziada ni mzigo. Vunja sehemu ya pevingi upande wa jua la alasiri, panda mti wa kivuli umbali wa mita tano au sita kutoka ukutani. Ongeza upenu au baraza upande wa magharibi. Paa likifika wakati wa kupakwa upya, chagua kijivu. Kingo zilizochongwa zipande vetiva mvua za vuli zinapoanza, mistari ikifuata kontua, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15, na uzimwagilie mpaka zishike.